Klabu za Kanda ya Ziwa zilee vijana au zisubiri walioiva?

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, mazungumzo ya soka Mwanza huwa ni nani aletwe Pamba Jiji, klabu ya jiji letu, na kwa mkopo kutoka wapi. Kijana wa Igoma, wa Mabatini au wa Ukerewe atapitia mlango gani kufika uwanja wa Kirumba, hilo halizungumzwi sana. Kwangu ndilo la kwanza, kwa sababu linaamua kama klabu ya mkoani iendelee kubeba akademi yake au iwaachie wengine kazi ya kulea.

Wanaotaka klabu zijivue mzigo huu hawasemi ovyo. Kumlea mtoto tangu miaka 13 hadi 19 ni chakula, ada, matibabu, viatu, nauli na kocha, mwezi kwa mwezi, wakati klabu nyingi za mikoani hata mishahara ya timu ya wakubwa huitafuta kwa shida. Na akishaiva, anaondoka. Brentford ya Uingereza ilichoka na hali hiyo: mwaka 2016 ikafunga akademi, maana klabu kubwa zilikuwa zinawachukua vijana wake bora kwa fidia ndogo. Ikaunda timu B ya vijana walioachwa kwingine, ikanunua akina Ollie Watkins, ikawauza kwa faida kubwa, na mwaka 2021 ikapanda Ligi Kuu.

Mfano huo unavutia, lakini haufiki mbali huku kwetu. Brentford ilizungukwa na akademi za wengine, zinazoacha kila mwaka vijana wengi waliokwisha kufundishwa. Kanda ya Ziwa, ukifunga hizo chache zilizopo, huyo aliyeachwa kwingine atatoka wapi? Brentford yenyewe ilirudisha akademi mwaka 2022.

Hapa nyumbani tunao ushahidi wetu. Klabu ya Alliance ya Mwanza ilianza na shule, watoto wakisoma na kucheza, kisha timu yake ikapanda Ligi Kuu mwaka 2018 na kushuka 2020. Wapo wanaosema hiyo inathibitisha kwamba akademi haiokoi klabu. Ni kweli haikuiokoa. Lakini Mbao, klabu nyingine ya Mwanza, nayo ilishuka mwaka huohuo, miaka mitatu tu baada ya kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini dhidi ya Simba, na baada ya fainali ile wachezaji wake walianza kuchukuliwa na wakubwa. Alliance iliposhuka, shule ilibaki. Timu yake ya wasichana ndiko alikopita mshambuliaji Aisha Masaka kabla ya Yanga Princess, Sweden na baadaye Brighton ya Uingereza. Jambo hilo halionekani kwenye msimamo wa ligi, nami nalipa uzito mkubwa.

Kuna pia suala la fedha. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Hesabu hiyo inafuata usajili. Kijana aliyecheza mchangani bila kusajiliwa popote hadi miaka 18 hana klabu ya kudai chochote kwa miaka yake ya nyuma, hata kama mtaa mzima unajua nani alimfundisha.

Kinachonitia wasiwasi ni bweni. Kumtoa mtoto wa miaka 13 Ukerewe au Sengerema, umweke Mwanza kwa ahadi ya soka, ni dhamana nzito, na wengi wao hawatafika Ligi Kuu. Ndiyo maana naona klabu zibaki na akademi, ila mtoto aliye chini ya miaka 16 alale kwao, asome shule yake, asajiliwe na klabu, na kocha ndiye amfuate.

Pamba ina nafasi nzuri kuliko yeyote, kwa kuwa iko chini ya Halmashauri ya Jiji, na halmashauri hiyohiyo ndiyo inayosimamia shule za msingi na sekondari za serikali. UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari, tayari zinakusanya vipaji bila klabu kujenga hata chumba kimoja. Mtu anaweza kuuliza kwa nini fedha ya umma iende kwenye mpira wakati madarasa yanahitajika, na ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo gharama iwe ya makocha, mipira na usajili, si ya majengo.

Klabu ikishindwa hata kumlipa kocha mmoja wa vijana kwa msimu mzima, hapo naungana na wanaosema ifunge. Na iwaambie wazazi mapema, kabla mtoto hajakosa mtihani wa kidato cha pili.