Kati ya tisa na kumi

Boksi lilifika Jumanne mchana, na mpwa wangu akagoma kulifungua mpaka nitoke kazini. Ana miaka 13, tunaishi naye hapa Minnesota, na kwa miezi miwili na nusu swali lake la jioni lilikuwa moja tu: "Mjomba, hazijarudi?" Tulikuwa tumetuma kadi sita za Pokémon, ule mchezo wa kadi wa Kijapani, kwa kampuni moja ya kupima kadi. Zikarudi zote sita, kila moja imefungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba juu yake. Tano zilipata tisa. Moja ikapata kumi.

Ile ya kumi aliishika kama yai. Zile za tisa alizisukuma pembeni ya meza, karibu na bakuli la sukari, hata hakuzigeuza kuona nyuma. Na humo ilikuwemo kadi aliyoipata kwa kubadilishana na rafiki yake baada ya mazungumzo ya wiki nzima, kadi ambayo kabla hatujaituma aliitoa kila usiku kuitazama. Nikamuuliza hii imekosa nini. "Ni tisa tu, Mjomba."

Tisa tu! Shule niliyosoma mimi, ukipata tisa kwa kumi unabebwa juu juu.

Nikaichukua ile kadi nikaanza kuitafuta kosa. Nilivua miwani, nikaivaa tena, nikawasha tochi ya simu. Mwisho nikaona, kwenye kona moja ya nyuma, kidoa cheupe kidogo kuliko punje ya chumvi. Pengine ndicho, pengine sicho. Kasha haliji na maelezo.

Kwa asiyeujua mchezo huu: unaituma kadi kwa kampuni, wanaikagua kama ni halali na kama haijachezewa, halafu wanaangalia picha imekaa katikati kiasi gani, pembe nne, kingo na uso. Kisha wanaipa alama, kumi ndiyo ya juu. Kampuni ya PSA, iliyo kubwa kuliko zote, ilianza 1991, na mwanzilishi wake, David Hall, alikuwa ameshafanya hivyo hivyo kwa sarafu tangu miaka ya 1980. Kwao, pambizo za pande mbili za picha, mbele ya kadi, zikipishana zaidi ya takriban 55 kwa 45, kumi umeikosa. Kasha wenyewe wanaliita slabu, kama ile ya zege, na kadi ambayo haijapimwa wanaiita mbichi. Jina hilo linanichekesha kila nikilisikia. Utadhani kadi yenyewe haifai mpaka ipitishwe motoni.

Chanzo cha mambo haya kilikuwa cha haki kabisa. Anayenunua kadi kutoka kwa mtu asiyemjua, aliye majimbo matatu mbali, anahitaji jicho la tatu. Muuzaji ataapa kwamba kadi ni mpya kabisa, na mnunuzi hana pa kuishika. Kwa kazi hiyo, ya kusema hii ni halali na hii ya kughushi, mimi ningelipa hata kesho. Nilichokuja kukichukia ni pale namba ilipoacha kuwa ushahidi juu ya kadi ikawa ndiyo bidhaa yenyewe.

Mfano ninaoupenda, kwa ubaya wake, ni wa Pikachu Illustrator, kadi iliyotolewa Japani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa washindi wa mashindano ya kuchora. Zipo chache mno. Mwaka 2021 Logan Paul, yule wa YouTube, aliinunua iliyopata kumi ya PSA kwa dola milioni 5.275. Lakini tazama alivyolipa: alitoa dola milioni 4 taslimu, na juu yake akaongeza kadi ile ile, Illustrator nyingine, yenye tisa, iliyohesabiwa kuwa na thamani ya dola milioni 1.275. Picha ni ile ile, uadimu ni ule ule. Dola milioni nne zililipa ngazi moja. Mwaka uliofuata akaivaa shingoni kwenye WrestleMania, onyesho kubwa la mieleka, ndani ya kasha lake, na nadhani mle uwanjani wengi waliambiwa bei kabla ya kuambiwa ni kadi ya nini.

Basi mtoto akiisukuma tisa pembeni ya meza, amejifunza wapi? Kwetu sisi watu wazima.

Na namba yenyewe imesimama juu ya nini? Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ni ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, iliyochapishwa na kampuni ya tumbaku kati ya 1909 na 1911. Wagner alikataa sura yake itumike, kwa hiyo zilitoka chache. Hiyo moja ilikuwa inang'aa kupita kiasi, kingo zimenyooka kama zimekatwa jana. Ikapewa nane. Mwaka 2007 iliuzwa dola milioni 2.8. Baadaye, 2013, Bill Mastro, mfanyabiashara wa kadi aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani kwamba yeye ndiye aliyeikata kingo. Kunyooka kule kulikowavutia watu ndiko kulikokuwa jeraha lenyewe.

Sisemi wapimaji ni wezi. Nasema ni watu wenye macho, taa na foleni ndefu. Machi 2021 PSA ililazimika kusimamisha huduma zake nyingi kwa sababu kadi zilikuwa zinaingia kuliko uwezo wao wa kuzipima. Na wakusanyaji wenyewe wanajua jicho hubadilika, ndiyo maana wapo wanaovunja kasha la tisa na kuituma kadi ile ile upya, wakiomba siku hiyo apatikane mpimaji mwenye moyo laini. Kama ni kipimo kama mizani ya dukani, mbona watu wanarudi kupima kilo ile ile?

Halafu kuna suala la ada. Bei ya kupimiwa hupangwa kufuatana na thamani ya kadi, na alama ikitoka nzuri thamani ikavuka kiwango ulichojaza, unatozwa nyongeza. Sina ushahidi wa hila yoyote, ila muundo huo haunikai vizuri.

Kinachoniuma zaidi ni namna watoto wanavyofungua pakiti. Mpwa wangu anaifungua kwa mkasi, ananawa mikono kwanza, kadi inaingia kwenye kifuko kabla hata hajasoma imeandikwa nini. Hizi ni kadi za mchezo, zina kanuni, zina wapinzani wawili na zamu. Katika marafiki zake wanne wanaokusanya, anayejua kuzicheza ni mmoja. Mimi nilikulia kwenye visoda, na kisoda changu bora kilikuwa kilichobonyea kuliko vyote, kwa kuwa ndicho kilichoshinda mara nyingi.

Ajabu ni kwamba kileleni kabisa soko lenyewe husahau hizi namba. Mwaka 2022 Wagner nyingine, yenye alama mbili, mbili kwa kumi, imechakaa kweli kweli, iliuzwa dola milioni 7.25. Nilimwonyesha mpwa wangu picha yake. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Hii imeshikwa na watu wengi."

Jumapili alikuja jikoni na bisibisi. Ukurasa wa albamu yake una nafasi tisa, na moja ilikuwa tupu tangu tulipotuma ile kadi ya rafiki yake. Tulichomeka ncha ya bisibisi kwenye ubavu wa kasha, nikaizungusha taratibu, plastiki ikalia kwaa na kipande kikarukia kwenye bakuli la sukari. Akaitoa kadi kwa vidole viwili, akaichomeka mahali pake, akafunua kurasa nyuma na mbele kama mara tatu.

Ile ya kumi iko kwenye droo ya soksi zangu, imeviringishwa taulo. Anasema anasubiri bei ipande.