Clarkson wa Wisbech alistahili zaidi ya mstari mmoja
Makala kuhusu Wisbech, mji wa Uingereza, imezisifu sana nyumba za matajiri kando ya mto Nene, halafu Thomas Clarkson, mpiganaji dhidi ya biashara ya watumwa, kapewa mstari mmoja tu! Jamani, huyu ndiye mtoto wa Wisbech, kazaliwa pale 1760. Mnara wake una mchongo wa mtumwa mwenye pingu, anaomba. Lakini mimi ningeanza na lile sanduku lake lililoko makumbusho ya mji. Alizunguka nalo likiwa na vitambaa, mbegu, viungo na ngozi kutoka Afrika, awaonyeshe Waingereza kwamba kuna biashara ya kufanya na Waafrika mbali na kuwauza. Sheria ya Uingereza ya kupiga marufuku biashara ya watumwa ikapita 1807. Huku kwetu soko la watumwa Unguja liliendelea hadi 1873.