Foleni au kufuli: pesa za SACCO kati ya thredi mbili

Vijana wanaoandika programu hapa Kampala, hasa waliozoea lugha ya Go, wana jibu moja ukiwauliza namna ya kupitisha data kati ya thredi, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja: tumia foleni, ambamo data hupangwa mstari na kuchukuliwa kwa zamu, achana na kufuli, inayoruhusu thredi moja tu kugusa data huku nyingine zikisubiri. Wazee wa Java, lugha nyingine ya programu, huwacheka, na hapo wanajisahau, maana Java yenyewe ina foleni salama za tayari tangu 2004.

Tuanze na hatari yenyewe. Mwanachama wa SACCO ana salio la shilingi 100,000. Thredi moja inapokea 50,000 alizoweka kwa simu, nyingine inamtolea 30,000 kaunta. Zote zinasoma 100,000 kwa mpigo, kila moja inapiga hesabu yake na kuandika. Iliyochelewa inafuta kazi ya mwenzake: salio linabaki 150,000 au 70,000, wakati haki yake ni 120,000. Ukijaribu ofisini huenda usilione kosa hilo hata mara moja. Hungoja siku ya mishahara.

Kufuli hulitibu kwa mistari michache tu ya kodi (maandishi ya programu). Kasheshe huanza kwenye kuhamisha pesa. Akaunti 12 inatuma kwa 40, na papo hapo 40 inatuma kwa 12. Kila thredi imeshika kufuli moja na inaisubiri ya mwenzake, na zitasubiriana hadi mtu azime programu. Dawa ipo: funga kwanza akaunti yenye namba ndogo, siku zote. Ila sharti hilo alijue kila anayegusa kodi, hata aliyeajiriwa jana.

Kwa foleni, salio linakuwa na mwenyewe mmoja. Thredi moja tu ndiyo inayoligusa, nyingine zinailetea maombi. Wazo si la juzi. Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare aliandika kuhusu programu zinazotumiana ujumbe mwaka 1978, na Go ikatangazwa 2009. Mimi naegemea huku, lakini si kwa upofu. Foleni isiyo na kikomo humeza memori yote maombi yakizidi kasi ya anayeyashughulikia. Tena, ukituma anwani ya data (mahali ilipo kwenye memori) badala ya nakala, thredi zote mbili bado zinashika kitu kilekile na umerudi palepale. Rust, lugha nyingine ya programu, hukataa kosa hilo kabla programu haijaanza kufanya kazi. Go na Java hazikuzuii.

Kwa hiyo miamala ningeipitisha kwenye foleni yenye kikomo. Jedwali la riba, linalosomwa na wote na kubadilishwa kwa nadra, ningeliwekea kufuli tu, ya aina inayoruhusu wengi kusoma kwa pamoja. Kulipangia foleni ni kama kuwapanga watu mstari wasome tangazo la ukutani mmoja mmoja. Na ujumbe wa "pesa zimepokelewa" usitoke ombi likiwa bado kwenye foleni. Umeme ukikatika kabla halijaandikwa kwenye hifadhidata, mwanachama atakuja kaunta na ujumbe wake, na karani hataona chochote.