Picha Ikichanika kwa Skrini, Usikimbilie Kununua Waya

Disemba iliyopita mdogo wangu alitoka Kakamega akaja kukaa kwangu hapa Kondele, na siku ya kwanza tu ameshika padi ya PS4 akaniita kutoka jikoni, "Bro, TV yako inakufa." Nikaenda kuangalia. Kila akizungusha kamera haraka picha inakatika na mstari wa kulala, nusu ya juu imebaki nyuma nusu ya chini imeshasonga, akisimama inaisha, akizunguka tena inarudi. Enyewe hata mimi niliamini TV imeharibika.

Nikaenda tao, muuzaji wa duka moja hata hakuuliza maswali, "Hiyo ni waya bosi, chukua hii orijino." Waya ya HDMI, ile inaunganisha PS4 na TV, shilingi 1,800. Nikarudi mbio nikachomeka, na mstari ukawa palepale. Iliniuma sana, juu hiyo ni pesa ya unga na mafuta, na najua kuna wengi wanauziwa waya kwa shida ambayo waya haiwezi kutibu.

Waya mbovu ina dalili zake: vitone vinametameta, skrini inazima kidogo inarudi, ama unaambiwa hakuna signali. Picha kuchanika ni mambo ya kupishana kwa wakati. TV ya hezi 60 inachora picha kutoka juu kwenda chini mara 60 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 16.7 hivi, sasa konsoli, yaani mashine ya gemu kama PS4, ikileta picha mpya wakati TV haijamaliza ile ya kwanza, ni kama unasoma gazeti la jana, ukifika katikati ya ukurasa mtu analichomoa anakuwekea la leo na wewe unaendelea tu kushuka.

Dawa ya zamani ni V-Sync, inalazimisha konsoli ingoje TV imalize. Lakini picha ikichelewa hata kidogo inabidi ingoje zamu inayofuata, kwa hivyo gemu ya fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde, inaanguka ghafla hadi 30 na unasikia padi imekuwa nzito. Watengenezaji wengine wa gemu wanaogopa hiyo, wanaiacha picha ichelewe na ichanike. Kwa kompyuta unaingia kwa menyu ya grafiki unaiwasha ama unaizima mwenyewe. Kwa konsoli gemu nyingi hazina hiyo sehemu kabisa, na hii ndiyo inanikera kweli. Mimi nataka fremu 30 zilizotulia, mdogo wangu anataka 60 hata zikichanika, mbona tusiwekewe swichi kila mtu achague? Gemu tumelipia.

Venye nilijua TV yangu iko sawa: nilibeba konsoli hadi kwa rafiki yangu Nakuru, tukachomeka kwa TV yake, na mstari ukatokea kwa gemu ileile, mahali palepale. Tukaweka gemu ya mpira, safi kabisa. Hiyo jaribio haina gharama, ifanye kwanza. Halafu tafuta kwa menyu kama kuna modi ya ubora ama ya kufunga idadi ya fremu, ijaribu, mara nyingine mstari unapotea wote.

Dawa yenyewe ni VRR, ambapo TV ndiyo inafuata mwendo wa konsoli. PS4 haina. PS5 iliipata kwa apdeti ya Aprili 2022, iko kwa mipangilio ya skrini na video, na kuna swichi ingine chini yake ya gemu ambazo hazikutengenezewa VRR, iwashe pia. Xbox Series X na S zilitoka nayo 2020. Chunga hapa kama unatafuta monita ya mtumba: yenye FreeSync peke yake, hiyo ni aina ya VRR ya kampuni ya AMD, itakubali Xbox lakini PS5 itaikataa, hiyo inataka VRR ya HDMI 2.1, yaani toleo la 2.1 la HDMI.

Na kwa TV usidanganywe na maandishi ya HDMI 2.1 kwa boksi, juu kiwanda kinaweza kuandika hivyo na VRR isiwe ndani, ama iwe kwa tundu moja tu kati ya matatu. Beba konsoli yako kwa begi uende nayo dukani, waambie wachomeke, ingia kwa mipangilio uone kama VRR inakubali kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa, enda duka lingine.