Dawa ikivuka kwenye mafuta, ikakwama kwenye seli

Kidonge ukishakimeza, dawa iliyomo bado haijaingia mwilini hasa. Mpaka ivuke ukuta wa utumbo, iko njiani tu. Ili kuupima uvukaji huo, maabara zina njia mbili zinazobishaniwa sana.

Ya kwanza ni PAMPA, kipimo cha utando bandia, iliyotangazwa mwaka 1998 na watafiti wa kampuni ya dawa ya Roche. Chujio lenye vitundu hulowekwa mafuta, mfano lesithini, mafuta yanayofanana na ya utando wa seli, iliyoyeyushwa katika kimiminika kiitwacho dodekani. Dawa huwekwa upande mmoja, na baada ya saa kadhaa hupimwa iliyofika ng'ambo. Ni nafuu, ni ya haraka, na sahani moja ina visima 96.

Ya pili hutumia seli za Caco-2, zilizotokana na saratani ya utumbo mpana wa binadamu. Hizi zinadeka. Hupandwa juu ya chujio na kulelewa takribani siku 21, zikibadilishiwa maji ya chakula mara kwa mara, hadi zijipange safu moja iliyoshikana na kuota vijinyweleo kama vya utumbo mwembamba. Kabla ya kuweka dawa, mtaalamu huchovya vijiti viwili vya umeme, kimoja juu ya safu na kingine chini yake, apime ukinzani wa umeme. Ukiwa mdogo mno, safu ina mwanya, na wiki tatu zimekwenda na maji.

Watetezi wa seli husema mafuta ni kitu mfu. Wana hoja: seli zina protini zinazobeba dawa, na zina P-glikoprotini, pampu inayoitema dawa irudi ilikotoka. Digoxin, dawa ya moyo, ni mmoja wa wahanga wake wanaojulikana. Mafuta hayawezi kuiona pampu hiyo kamwe.

Ila uhai huo nao tusiutukuze. Caco-2 ni seli za utumbo mpana zinazoigiza utumbo mwembamba. Hazitoi ute wa kutosha, na viungio vyake vimebana kupita kiasi, hivyo dawa ndogo zinazopenda maji, zinazojipenyeza katikati ya seli, huonekana zinavuka polepole kuliko zinavyovuka mwilini. Tena maabara mbili zikizilea tofauti, namba hazilingani. Ndiyo maana dawa mpya hupimwa sambamba na za zamani kama propranolol, inayopita upesi, na atenolol, inayosuasua.

Kwangu mimi, kuuliza ipi bora ni kupoteza faida yenyewe, kwa sababu zinapogombana ndipo zinaposema kitu. Dawa ikipita vizuri kwenye mafuta ikakwama kwenye seli, ishuku pampu, kisha igeuze: ipime kutoka chini ya safu, upande unaoigiza damu, kwenda juu, upande unaoigiza ndani ya utumbo. Ikirudi kwa kasi mara mbili au zaidi ya ilivyokwenda, shaka ina msingi. Ikikwama kwenye mafuta ikapita kwenye seli, huenda kuna protini inayoibeba. Lakini kabla ya kushangilia, chovya tena vile vijiti vya umeme. Pengine ni mwanya tu.