Bastola achague mwenye mkono

Kaka yangu anaendesha lori la masafa marefu huku Marekani. Akitoka Houston leo anaweza kurudi baada ya wiki tatu. Mke wake, wifi yangu, mtoto wa Isevya pale Tabora mjini, anabaki na watoto wawili kwenye mtaa ambao jirani wa ukuta kwa ukuta hamjui hata jina. Mwaka jana usiku mtu alivunja kioo cha gari lao lililokuwa limeegeshwa mlangoni kabisa. Kaka aliporudi safari alimnunulia mkewe bastola. Alimletea ndani ya kiboksi kama mtu anayeleta saa ya zawadi, akamwambia, "Sasa nikiwa barabarani na mimi nitapata usingizi."

Wifi ndiye aliyekosa usingizi. Walikwenda mara moja kujaribu, akapiga risasi tatu, kiganja kikamuuma siku mbili. Kuanzia hapo bastola ikalala ndani ya sanduku la nguo, chini ya vitenge alivyotumiwa na mama yake. Mimi nilikuja kujua baada ya miezi miwili, tukiwa jikoni kwake tunachemsha michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyoletwa na mgeni kutoka nyumbani. Akasema bila kunitazama, "Wifi, kile kidude nakiogopa kuliko mwizi mwenyewe."

Nimeishi huku miaka kumi na mbili, na jambo hili nimeliona kwa dada zetu wengi. Mwanamume anaamua, anachagua, analipa, halafu mwanamke anapewa chuma asichokitaka na anaambiwa kimemlinda. Akisita, anaitwa mwoga. Mimi nasema kusita kwa wifi kulikuwa akili timamu. Mtu asiyeogopa silaha ndiye ninayemkalia mbali.

Tuanze na nyumbani, maana ndiko tulikojifunza kuogopa. Babu yangu mzaa baba alikuwa mrina asali Sikonge. Akiingia msituni wiki mbili kukagua mizinga, begani alikuwa na gobole. Sisi wajukuu tulimtazama akilijaza: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha vipande vya chuma, anashindilia kwa ufito huku mtutu ukitazama juu na uso wake ukiwa pembeni. Likitundikwa ukutani hakuna aliyeligusa. Kaka mmoja wa ukoo alisema, "Babu, si ni tupu hilo?" Babu akamjibu, "Gobole tupu halipo." Kwa sauti hiyo hiyo alisimulia habari za Mtemi Isike, mtawala wa Unyanyembe pale Tabora, aliyewasha ghala la baruti ndani ya ngome yake mwaka 1893 Wajerumani walipoingia. Kwetu Unyamwezi bunduki ina historia ndefu, ilikuja na misafara ya pembe za ndovu, na wazee waliizungumzia kwa sauti ya chini.

Miaka mingi baadaye, ndani ya ukumbi wa kulenga shabaha hapa Houston, mwalimu wangu wa kwanza, mama wa Kimarekani mwenye nywele nyeupe kabisa, aliniambia kanuni nne. Ya kwanza: kila silaha ihesabu ina risasi. Ya pili: usiuelekeze mtutu kwenye kitu usichotaka kukiharibu. Ya tatu: kidole kikae nje ya triga, kile kifyatulio, mpaka umeamua kupiga. Ya nne: jua unacholenga na kilicho nyuma yake. Ile ya kwanza nilitamani kumwambia kwamba niliisikia Sikonge nikiwa na miaka minane.

Sasa tazama tofauti ya nchi hizi mbili. Hapa Texas kununua bastola hakuhitaji kibali cha mtu yeyote mtaani kwako. Unaingia dukani, una miaka 21, una kitambulisho, na kama hujawa raia una kadi yako ya ukaazi wa kudumu. Unajaza fomu ya serikali kuu inayouliza kama umewahi kuhukumiwa, kama unatumia dawa za kulevya, kama mahakama imekuzuia usimsogelee mwenzi wako. Muuzaji anakagua jina lako kwenye mfumo wa taifa, mara nyingi ndani ya dakika chache, na unatoka na mzigo wako. Tangu Septemba 2021 hata kuibeba kiunoni hadharani hakuhitaji leseni kwa mtu mzima asiyezuiwa na sheria. Hakuna aliyekuuliza kama unajua kuitoa risasi chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kupigwa.

Tabora ni kinyume. Baba yangu mdogo, mnunuzi wa tumbaku Urambo, aliomba kumiliki bastola baada ya kuvamiwa na fedha za wakulima. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 maombi yanaanzia kwa viongozi wa chini kabisa, yanapanda kata na wilaya, kamati za usalama zinakujadili, ndipo yanafika polisi ngazi za juu. Alisubiri muda mrefu mpaka akakaribia kukata tamaa, na faili lake liliwahi kupotea kwenye ofisi moja akaanza upya. Nilimhurumia. Lakini katika safari hiyo yote kuna siku mwenyekiti wa mtaa alikwenda nyumbani kwake yeye hayupo, akakaa na mke wake uani, akamuuliza, "Mama, huyu mzee akinywa anakuwaje?" Swali hilo duka la Houston halina. Fomu inauliza, ndiyo, lakini anayejibu ni mnunuzi mwenyewe. Mke wake hayupo kaunta.

Nyumbani nako tuna pengo letu. Baba mdogo alipopewa kile kibali na hatimaye bastola, hakuna aliyemketisha kumfundisha. Nilipokwenda likizo alinionyesha. Aliifungua kwenye kitambaa cha zamani sebuleni, mwanawe mdogo akiwa anacheza mkekani, kidole cha baba mdogo kikiwa ndani kabisa ya triga. Nilimshika kifundo cha mkono, mimi mtoto wa kike mbele ya baba yangu, nikamwambia, "Baba, samahani, kidole." Hakukasirika. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Kwa hiyo nilipoamua kumsaidia wifi nilichukua cha huku na cha kule. Cha kule kwanza. Nilikaa naye jioni nzima bila silaha na nikauliza yale ambayo mwenyekiti wa mtaa angeuliza. Je, unaitaka wewe au anaitaka kaka? Watoto wakirudi shule wanafungua nini na nini humu ndani? Kuna siku unajisikia maisha hayana maana? Hilo la mwisho lilimshtua, nami sikulipitia juu juu. Mwaka 2021 waliokufa kwa risasi Marekani walikuwa 48,830, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu. Sisi wahamiaji, na upweke wetu huu, na zamu za usiku, na simu za nyumbani kila mwezi za kuomba hela, hatuna ruhusa ya kujifanya hesabu hiyo haituhusu. Nilimwambia waziwazi, ukisema ndiyo, tunaiuza kesho na hakuna atakayejua kwa nini. Akafikiri kweli. Akasema hapana, upweke anao lakini huo mwingine hana, na silaha anaitaka, ila si ile.

"Si ile" ndilo jibu nililokuwa nalisubiri. Ile ya kaka ilikuwa ndogo ya kuingia mfukoni, uzito wake kama robo kilo ya sukari na kitu kidogo. Wanaume wengi wanadhani mwanamke mwenye mkono mdogo apewe bastola ndogo, na wenye maduka wanawaunga mkono, tena zenye rangi ya waridi. Ni kosa. Bastola nyepesi inapiga teke zaidi, kwa sababu haina uzito wa kuumeza ule mshindo, na kitako chake kifupi, pale pa kushikia, kinakuachia kidole cha mwisho kikielea hewani. Hizo ndogo zinawafaa watu waliokwisha kuzoea. Anayeanza anahitaji kitu kizito kidogo, cha kujaza kiganja.

Somo la kwanza lilikuwa mezani kwake, risasi zote tumezifungia chumba kingine. Toa magazini, kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya kitako. Vuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza. Tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe, maana macho yanadanganya. Nilimfanya arudie mpaka akaanza kufanya bila kuambiwa. Shida ikawa slaidi. Hakuweza kuivuta, na alikwisha kuamini kwamba hana nguvu. Mwanamke aliyekua akipiga mpini wa pampu ya maji Isevya, hana nguvu! Nilimwonyesha: iweke karibu na tumbo, mtutu ukitazama ukutani salama, mkono wa juu ushike slaidi kwa vidole vyote na kiganja, usivute, shikilia tu, halafu mkono wa chini usukume kitako mbele kwa nguvu ya bega. Kaa! Ikafunguka. Akaitazama kama imemjibu.

Wiki iliyofuata tukaenda ukumbi wa shabaha wenye silaha za kukodi. Jambo hili la huku nalisifu bila kusita: unaweza kujaribu sita au saba kabla hujanunua moja. Kaunta wifi alizishika moja moja. Nilimwambia aangalie vitu vitatu, asisikilize kingine. Nyama ya ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kupinda mkono. Kitako kikae katikati ya gumba na kidole hicho, mtutu ukiwa umenyooka na mfupa wa mkono. Na slaidi aivute mwenyewe, mara tano, bila msaada wangu. Nne zikashindwa mtihani hapo hapo. Rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ya nukta 38 (nukta hizi ni upana wa risasi kwa inchi) aliipenda kwa sababu haina slaidi wala magazini, lakini triga yake ilikuwa ngumu, kila akivuta mtutu ulitikisika.

Tulianza na ya nukta 22, ambayo teke lake ni kama kofi la mtoto. Vizuia sauti masikioni, miwani usoni. Risasi ya kwanza aliruka. Ya sita alikuwa anapumua. Tulipohamia ya milimita 9 risasi zake zote zikaanza kwenda chini kushoto, nikajua anausubiri mshindo. Hapo nikachanganya risasi bandia kwenye magazini bila kumwambia zipo wapi. Alipofika kwenye bandia, silaha haikulia, lakini mikono yake ilizama chini yenyewe. Akaiona kwa macho yake. Hakuna maneno yangu yangemfundisha hivyo. Baada ya magazini tatu mikono ikatulia.

Halafu likatokea lile ambalo sikulipanga. Nilisahau kumwambia avae nguo ya kufunga shingo. Ganda la risasi likiruka linatoka na moto, na moja likamwingia kwenye blauzi, kifuani. Nimeona watu wazima, wanaume, ganda likiwachoma wanageuka na bastola mkononi, kidole ndani, mtutu unapita kwenye nyuso za watu wote mstarini. Wifi alitoa sauti, macho yakamjaa machozi, lakini mkono wake haukugeuka. Kidole kikatoka nje. Bastola ikalazwa mezani taratibu, mtutu ukitazama mbele. Ndipo akajikung'uta. Alama ya kuungua ilikaa wiki mbili, na nilimwomba radhi kwa hilo kosa langu. Ila moyoni nilijua huyu sasa naweza kumwachia.

Alichokichagua mwishowe ni ile ya kampuni ya Smith & Wesson waliyoitoa mwaka 2018 na kuiita EZ, ya nukta 380. Springi yake ni laini, slaidi anaivuta bila kukunja uso, magazini inabeba risasi nane na ina vijitufe pembeni vya kusaidia kujaza, na haifyatuki mpaka kiganja kibane nyuma ya kitako. Kaka alinung'unika kidogo kwamba risasi yake ni dhaifu kuliko milimita 9. Nilimjibu kwamba risasi inayofika mahali ilipotumwa inatosha. Ile ndogo ameirudisha dukani kwa hasara, na sefu ya kufunguliwa kwa alama ya kidole amelipa yeye.

Mama yetu, yupo Tabora, nilimweleza habari yote kwa simu. Alinyamaza nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza jambo moja, "Watoto wanajua ilipo?" Nikamwambia ipo ndani ya sefu, na sheria ya hapa Texas inamtia hatiani mtu mzima akiiacha mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia. Akasema sheria hajaniuliza, ameuliza wajukuu wake. Jioni hiyo mimi na wifi tuliwaketisha watoto wote wawili tukawaambia ilipo, kwa nini haiguswi, na wakiona silaha kwa rafiki yao watoke chumbani mara moja waje kusema. Walisikiliza kimya, kama sisi tulivyomsikiliza babu.

Ningekuwa na uwezo, nyumbani kila anayepewa kibali, na hasa mama wa duka la wakala au mjane mwenye biashara ya asali, angekaa na mwalimu siku kadhaa kabla hajakabidhiwa chuma. Na huku, kabla dada yetu yeyote hajanunua, sisi watu wa Tabora tungekaa naye kwanza kama kamati yake, tumuulize yale ya mwenyekiti, hata akinuna.

Jumamosi hii tunaye dada mmoja wa Urambo, mumewe keshamlipia kidude chake mtandaoni. Wifi ndiye atakayemwelekeza, mimi nitasimama nyuma. Keshampigia simu kumwambia avae nguo yenye kola.