Rede isiishie darasa la saba

Msichana akishavunja ungo, kitu cha kwanza tunachomnyang'anya ni mchezo. Juzi tu alikuwa anakwepa mpira kwenye rede na kuruka kamba hadi magharibi. Sasa anaambiwa amekua, atulie ndani. Tumbo la hedhi likianza kumkunja, anaambiwa avumilie, akizaa litaisha.

Inaniuma, maana tunamnyima kitu ambacho kingemsaidia. Kwa wasichana wengi maumivu haya si ugonjwa. Utando wa ndani wa mji wa mimba unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huubana mji wa mimba hadi damu ikapungua kwenye misuli yake. Ndipo uchungu unaposhuka kiunoni na mapajani, hasa siku mbili za mwanzo. Mwaka 2019 mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalionyesha kwamba mazoezi ya dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, yanaweza kupunguza maumivu kwa takriban pointi 25 kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 100. Ushahidi wenyewe bado si imara, lakini netiboli haihitaji cheti cha daktari.

Zingatia hiyo mara tatu kwa wiki. Nafuu inajengwa mwezi mzima, si asubuhi ile ya maumivu. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na mwalimu wa zamu anayemtoa bwenini binti anayetapika, eti mchakamchaka utamaliza chango. Huyo aachwe alale, apewe chupa ya maji ya moto aiweke tumboni, na kama hana vidonda vya tumbo ameze ibuprofeni baada ya kula. Akijisikia kutembea, atembee.

Kazi yetu ni siku zile nyingine. Shule nyingi saa ya michezo ikifika, wavulana wanatwaa uwanja, wasichana wanakaa pembeni na sweta kiunoni wakiogopa kuchafuka. Pedi nazo ni ghali. Tanzania iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani (VAT) mwaka 2018, ikairudisha 2019. Mimi ningependa ile kodi ifutwe tena, na wasichana wapewe zamu yao ya uwanja, iandikwe kwenye ratiba.

Ila maumivu yanayozidi kila mwezi, yasiyosikia dawa, au yanayomkosesha binti masomo kila mara, hayo tusiyatibu kwa mpira. Mama, mpeleke hospitali, na usikubali kurudishwa na jibu la "akizaa litaisha".